Meli Isiyo na Mzimu



Ndugu msomaji, filamu za kutisha za baharini zina desturi yake, na anayezipenda anajua kitakachotokea kabla hazijaanza. Meli inang'oa nanga. Ndani yake kuna kitu ambacho hakikuandikwa kwenye orodha ya mizigo: jeneza, sanamu, au maiti asiyetulia. Usiku wa kwanza anapotea baharia mmoja, usiku wa pili wanapotea wawili, na mwishowe meli inaingia bandarini haina mtu hai. Ndivyo ilivyo safari ya meli katika Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922 iliyoongozwa na F. W. Murnau, na nyingi zilizokuja baadaye zimepita njia hiyo hiyo. Sisi nasi tuna filamu zetu za kutisha, ingawa si za meli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, filamu ya Kitanzania ya bajeti ndogo, na jina hilo wasomaji wetu wa Rungwe na Kyela hawakuhitaji kutafsiriwa.

Leo nataka kuitetea filamu moja ya baharini, ya zamani, ya gharama ndogo, nyeusi na nyeupe. Naitetea kwa sababu inasema ukweli ambao sisi Wakristo, hasa tunaposimama kuhubiri misibani, mara nyingi tunaukwepa.

Filamu yenyewe inaitwa The Ghost Ship, yaani Meli ya Mzimu. Ilitoka Marekani mwaka 1943. Mwongozaji wake ni Mark Robson na mtayarishaji ni Val Lewton. Studio ya RKO ilikuwa imempa Lewton masharti magumu: filamu zake za kutisha zisizidi dola 150,000 kila moja, ziwe fupi, na majina angepewa na wakubwa wake. Kwa hiyo alipewa jina, "Meli ya Mzimu", akaambiwa atengeneze filamu. Hata jukwaa la meli lilikuwa lile lililobaki kutoka filamu nyingine. Yeye akachukua jina hilo akatengeneza filamu ya dakika 69 ambayo haina mzimu hata mmoja.

Msomaji atauliza: sasa kinachotisha ni nini? Kinachotisha ni nahodha. Anaitwa Stone, mtu mzima, mpole wa sauti, anayeheshimiwa na kila mtu. Kijana mmoja, Merriam, anaajiriwa melini kama ofisa wa tatu, na mwanzoni anampenda nahodha kama baba. Siku moja kijana anaona kulabu kubwa ya chuma ya kupakulia mizigo inaning'inia bila kufungwa. Anashauri ifungwe. Nahodha anakataa, kwa kuwa imepakwa rangi muda si mrefu na kamba zitaiharibu. Usiku bahari inachafuka, kulabu inaanza kuruka huku na huko juu ya sitaha, na mabaharia wanahatarisha maisha yao kuidhibiti.

Baadaye baharia mmoja anakwenda kwa nahodha kulalamika kwamba watu wamepungua na kazi ni nyingi, afadhali wapitie bandari ya karibu waongeze wengine. Haipiti muda mrefu, baharia huyo yumo ndani ya chumba cha mnyororo wa nanga akiupanga unapoingia. Nahodha anaufunga mlango kwa nje. Mnyororo mzito unaendelea kuteremka chumbani, na kelele zake zinameza sauti ya mtu. Hakuna damu tunayoonyeshwa, wala sura ya kutisha. Kuna mlango uliofungwa na mtu aliyekuwa na wajibu wa kuufungua.

Hapa ndipo filamu inapokutana na darasa letu la falsafa. Mtakatifu Augustino, kabla ya kubatizwa, alikuwa mfuasi wa Mani kwa miaka kadhaa. Watu wa Mani walifundisha kwamba uovu ni kitu chenye nguvu yake, kinachopigana na wema tangu mwanzo. Augustino alipowaacha, alifundisha kinyume: Mungu ameumba vyote vizuri, hivyo uovu hauna kiini chake wenyewe. Ni ukosefu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwepo, kama ugonjwa ulivyo ukosefu wa afya mwilini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino akaongeza tofauti iliyo muhimu sana. Jiwe halioni, lakini hatusemi jiwe ni kipofu, maana si asili yake kuona. Mtu asiyeona ndiye kipofu. Uovu basi ni kukosekana kwa kile kinachostahili kuwepo.

Tuipeleke tofauti hiyo melini. Meli kukosa mabawa si uovu. Meli kukosa majaketi ya kuokolea maisha ni uovu. Kulabu kukosa kamba, mlango kukosa mtu wa kuufungua, nahodha kukosa mtu wa kumwambia hapana: huo wote ni uovu halisi, wenye uwezo wa kuua, ingawa hauna pembe wala mkia. Filamu yenye fedha nyingi hutengeneza jini lenye meno na kutuonyesha uovu kana kwamba ni kitu. Katika hilo inakaribiana na Mani kuliko Augustino. Lewton, kwa umaskini wa bajeti yake, alilazimika kutuonyesha kilichokosekana.

Najua kuna msomaji wa Igawa atakayeniuliza bahari inatuhusu nini. Maji yetu ni ya Mto Mbarali, na tunayaelekeza kwenye majaruba ya mpunga. Tunachokiona kikipita ni malori ya barabara kuu yanayokwenda Tunduma na yanayorudi Dar es Salaam. Nitafika barabarani. Ila kwanza naomba tukumbuke safari za majini za nchi yetu wenyewe, kwa sababu huko hakuna filamu iliyotushinda kwa kutisha.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa karibu kufika Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Meli ilipopinduka ilielea kwa muda kichwa chini, na walikuwepo watu hai ndani yake waliosikika wakigonga chuma. Walipotoboa ili kuwatoa, hewa iliyokuwa imebaki ndani ilitoka, na meli ikaenda chini. Waandishi wa filamu za kutisha wangetunga nini zaidi ya hapo?

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwa kidogo tu juu ya 600. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake, idadi ya waliokuwemo ilikuwa imepita 2,000. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikiwa na watu waliotoka gulioni Bugolora. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Walikufa 228, wakaokolewa 41.

Katika misiba hii mitatu hakuna jeneza la ajabu lililopakiwa kwa siri, na hakuna aliyefufuka. Kuna namba mbili kila mara, namba iliyoruhusiwa na namba iliyopakiwa, na uovu wote unakaa katikati ya namba hizo mbili. Kila tiketi iliyozidi ilikuwa tendo dogo la mtu mwenye akili timamu, huenda mtu mwema, huenda aliyemwonea huruma mama mwenye mtoto na mzigo wa ndizi asibaki gatini.

Liko jambo moja la MV Bukoba ambalo nadhani kila mseminari angepaswa kulitafakari. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Maskini walipanda bila kuhesabiwa, na walipozama ikawa vigumu hata kusema ni wangapi. Makaburi ya Igoma, Mwanza, yanatunza wengi wa marehemu wa ajali ile, na baadhi ya familia hazikupata hata kaburi la kusimama mbele yake.

Sasa, baada ya msiba wa namna hii sisi husema nini? Tunasema ni mapenzi ya Mungu. Tunasema kazi yake haina makosa. Tunasema Mungu amewapenda zaidi. Na wengine, wasiotaka kumtaja Mungu, husema ziwa lina wenyewe, au mwaka huu ulikuwa na mkosi. Maneno haya yanatolewa kwa nia ya kufariji, nami sitaki kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini yakisemwa kutoka mimbarini, na kuhani, bila neno jingine, yanafanya kazi ile ile ya jini katika filamu. Yanahamisha swali. Tunatoka kanisani tukiwa tumemwogopa Mungu au tumewaogopa wenye ziwa, na hakuna aliyeuliza nani aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu.

Ndugu mmoja hapa seminarini alinipinga vizuri tulipozungumza juu ya filamu hii. Aliniambia: "Frateri, angalia usije ukamfuta shetani kwa falsafa. Kanisa linafundisha kwamba yupo." Ni kweli, linafundisha hivyo, nami nasadiki. Lakini linafundisha pia kwamba shetani naye ni kiumbe, aliumbwa mwema akaanguka kwa hiari yake, na njia yake ya kawaida kwetu ni kishawishi. Anashawishi, na mtu anakubali au anakataa. Katika The Ghost Ship kishawishi kinaonekana wazi kuliko katika filamu nyingi za mapepo. Nahodha Stone anaamini kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayewajibika kwa uhai wa mabaharia wake, basi ana haki juu ya uhai wao. Angalieni jinsi neno zuri, wajibu, linavyogeuka taratibu kuwa neno jingine. Ukitafuta mkono wa shetani katika meli ile, uko hapo.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunapaswa kulisikia hilo kwa makini, maana Kanisa tangu zamani limejifananisha na chombo majini, na siku moja, Mungu akipenda, tutakabidhiwa usukani wa kachombo kadogo, parokia au kigango. Filamu inaonyesha pia upande wa walio chini ya nahodha. Wakiwa safarini, baharia mmoja Mgiriki aliugua kidole tumbo, na nahodha alipaswa kumpasua kwa kufuata maelekezo ya redio. Mkono ukamgoma. Merriam akaushika wembe akafanya kazi hiyo, kisha, kwa kumhifadhia mkubwa wake heshima, akataka siri hiyo isitoke. Baadaye Merriam anamshtaki nahodha kwa wakala wa kampuni bandarini. Mabaharia wanaitwa mmoja mmoja kutoa ushahidi, na wote wanamsifu nahodha. Yule Mgiriki anamsifu kuliko wote, kwani anaamini nahodha ndiye aliyeokoa maisha yake. Mashtaka yanakufa hapo.

Nadhani Mtanzania yeyote anaielewa sehemu hiyo bila mkalimani. Tumelelewa kumtunzia mkubwa heshima yake, na malezi hayo ni mazuri. Ila heshima iliyojengwa juu ya jambo lisilo kweli inamnyima mkubwa mwenyewe nafasi ya kusahihishwa, na inawanyima wadogo ulinzi wao siku wanapouhitaji. Utii tunaouahidi haukutuondolea ulimi. Kumwambia nahodha kwamba kulabu haijafungwa ni sehemu ya kumtii, kwa kuwa yeye naye yumo melini.

Maandiko Matakatifu yanayo safari ya namna hii, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo, mfungwa anayepelekwa Roma, anaonya kwamba msimu umeharibika na safari itakuwa ya hasara. Akida anawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Dhoruba inakuja. Wanatupa shehena, wanatupa vifaa, wanakaa siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Mwisho meli inavunjika, na watu wote wanafika nchi kavu salama.

Katikati ya masimulizi hayo Luka anaweka jambo ambalo kwa muda mrefu wasomaji hulipita haraka: anataja idadi ya watu waliokuwa melini. Walikuwa 276. Wafungwa wamo, askari wamo, mabaharia wamo, na Luka anayo hesabu yao. Ndiyo maana anaweza kusema wote waliokoka. Bila hesabu, neno "wote" lisingekuwa na maana. Bwana wetu naye, alipotaka kueleza moyo wa mchungaji, alitupa mfano wa mtu mwenye kondoo 100 anayejua kwamba mmoja hayupo. Mchungaji huyo hangeweza kumtafuta aliyepotea kama hakuwa na tabia ya kuhesabu. Kwa Mkristo kuhesabu watu ni tendo la upendo, hata pale linapofanyika kwa kalamu na karatasi iliyokunjamana.

Sasa turudi barabarani, kwetu. Hapa Nyanda za Juu Kusini meli yetu ni basi, Coaster, na zaidi ya hayo fuso. Kila kona yenye ajali nyingi kati ya Kitonga na Mbeya imekwisha kupewa hadithi yake. Watasema pale kuna jini linalotaka damu. Watasema dereva alimwona mwanamke mwenye nguo nyeupe katikati ya barabara. Halafu padre anaitwa abariki mahali hapo. Kubariki ni vizuri, na padre aende. Lakini akimaliza kunyunyiza maji ya baraka, aulize basi lile lilikuwa na watu wangapi, breki zilikaguliwa lini, na dereva alikuwa usukanini tangu saa ngapi. Maswali hayo hayapunguzi imani, na yanaweza kumkera jini, kama yupo, kuliko chumvi.

Sisi wenyewe hatuko nje ya jambo hili. Kila mwaka, ikifika sikukuu ya somo wa parokia, au hija, au upadrisho, tunakodi fuso. Kwaya inapanda nyuma. WAWATA wanapanda. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanapanda, wamekaa juu ya masufuria ya pilau. Anayechelewa anavutwa mkono juu gari likiwa limeshaanza kuondoka, na wote tunacheka na kuanza wimbo. Ni furaha ya kweli, na ninaipenda. Lakini nani aliyehesabu? Gari likipinduka kwenye mteremko, mwenyekiti wa kwaya atawaambia wazazi nini, kama hajui hata nani alikuwemo? Tutasema tena kwamba Mungu amewapenda zaidi, ilhali fuso lilitengenezwa kubeba magunia, na sisi tulilijua hilo tulipolilipia.

Ninajua jibu litakalotolewa: fedha hakuna, basi ni ghali, tusipopanda fuso hatuendi. Ni jibu zito, na maskini hawapaswi kukaripiwa kwa umaskini wao. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji fedha. Kuandika majina kabla ya safari hakuhitaji fedha. Kumpa katekista au kiongozi mmoja mamlaka ya kusema "limejaa", na sisi wengine tukamtii, hakuhitaji fedha. Kugawa safari mara mbili, kundi la kwanza liondoke alfajiri, kunahitaji uvumilivu kuliko fedha. Kumwambia dereva apunguze mwendo hata kama padre amekaa pembeni yake na anawahi Misa, kunahitaji ujasiri. Na yupo mtu atakayetakiwa kushuka. Ningependa siku moja parokia zetu zimheshimu mtu huyo kama tunavyomheshimu aliyetoa zaka kubwa, kwa sababu amewapa wenzake kitu kikubwa zaidi.

Basi, ndugu zangu mafrateri, siwakatazi filamu za kutisha. Tukitazama, tujiulize inatufundisha kuogopa nini. Ile inayotufanya tuogope giza na kusahau kulabu isiyofungwa inatudanganya, hata kama imejaa misalaba na maji ya baraka. Ile inayotufanya tutoke nje tukaangalie kama kamba imefungwa, imefanya kazi ambayo homilia nyingi hazijaifanya.

Nanyi wanaparokia, Jumapili ijayo ya safari, kabla ya wimbo wa kwanza, mtu mmoja asimame na daftari aite majina. Itachukua dakika kumi. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote waliolala katika maji ya Ziwa Victoria na mkondo wa Nungwi, wenye makaburi na wasio nayo, na atuombee sisi tunaosafiri bado.